Pande Mbili za Kushoto: Mwalimu Abdulatif Sufian Anapoaga Karakana

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Mwalimu Abdulatif Sufian atamkabidhi mkuu wa chuo funguo za karakana ya useremala hapa Mwingi, baada ya kufundisha humo kwa miaka thelathini na minne. Alikuja mwaka 1991 akiwa kijana mwembamba mwenye randa moja aliyorithi kwa baba yake. Anaondoka na mvi, mgongo unaolalamika asubuhi, na miwani mbili: moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia ile ya kusomea.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, Wavinya wa idara ya ushonaji, kazi ya kuandika wasifu huu. Nadhani sababu ni kwamba milango yetu inatazamana na vumbi la msasa wake limeingia katika cherehani zangu zote. Nilipomuuliza angependa niandike nini, nilitarajia aniambie habari za vyeti. Aliniambia niandike habari ya ndege, niiandike yote, na nisiipake vanishi. Basi kama mtaona wasifu huu hauna sifa nyingi kama zile tulizozoea kusoma siku kama hii, mjue mwenyewe ndiye aliyetaka.

Babu yake alitoka pwani na biashara ya nguo, akafika Mwingi, akaoa, akakaa. Nyumbani kwa kina Abdulatif ni Kiswahili tangu chai ya asubuhi mpaka sala ya isha, tena kile chenye kupinda ulimi vizuri. Kikamba chake kilikuwa cha kununulia mbuzi tu, na hata hapo bei ya mbuzi ilikuwa ikipanda pindi anapofungua mdomo. Mkewe, Bi. Shufaa, ndiye aliyekuwa akitumwa sokoni ili familia isifilisike.

Katika idara yake alianza na madawati na vitanda. Baadaye akaongeza mizinga ya nyuki ya mbao, ambayo leo inaning'inia mashambani hadi mbali upande wa Kyuso. Kenchi za mapaa alizisimamia mwenyewe kila wanafunzi walipopata kazi ya kujenga, na kwa kuwa wajenzi wakubwa wa sehemu hizo ni makanisa, Mwislamu huyu ameezeka nyumba nyingi za ibada za Wakristo kuliko askofu yeyote ninayemjua. Wachungaji walimzoea hata wakawa wanasogeza saa ya chakula ili apate kuswali kwanza.

Kilichomsumbua miaka ile ni nyuso za wanafunzi wapya. Walikuwa wanaletwa na wazazi waliokata tamaa, kwa sababu mtihani ulikuwa umewashinda, nao wakadhani useremala ni adhabu. Abdulatif alitafuta kitu cha kuwaonyesha kwamba mbao si kazi ya waliobaki nyuma. Akakipata katika picha ya ndege moja ya kivita.

Ndege yenyewe ilitengenezwa Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na Waingereza waliiita Mbu. Wakati ule madini ya kuundia ndege yalikuwa yanagombaniwa, na wabunifu wake wakaja na wazo kwamba ndege hii iundwe kwa mbao, iwe nyepesi, ifungwe injini mbili zenye propela, na mbio zake ndizo ziwe ngao yake. Baadhi ya wakubwa walilikataa wazo hilo. Wabunifu hawakuacha, wakaiunda, na iliporuka mwaka 1940 mbio zake zikawanyamazisha waliokuwa wakitilia shaka. Baadaye ikatolewa kwa namna nyingi, ya kupiga picha, ya mabomu, na ya kupigana angani. Hii ya mwisho ndiyo Abdulatif aliyoipenda. Sehemu nyingi za ndege hizo ziliundwa katika viwanda vya kutengeneza makabati, viti na hata piano. Hilo alilirudia kwa kila darasa jipya. Ndege iliyopigana vitani, alikuwa akisema, ilitoka mikononi mwa maseremala.

Hakuridhika na kusimulia. Akaamua ijengwe moja hapa chuoni, nusu ya ukubwa wa ile ya kweli, isimame langoni ili mzazi akileta mtoto anayelia aione kwanza. Ndipo chuo kilipoandika kuomba msaada wa mbao kwa ofisi moja ambayo nitaificha jina, na barua ikaitwa Mradi wa Mbu. Baada ya muda likaja gari limejaa vyandarua, na wataalamu wawili wakashuka wakiuliza maji yaliyotuama yako wapi. Vyandarua tulivipokea kwa shukrani na bweni likalala vizuri mwaka mzima, lakini mbao hazikuja.

Kiwiliwili cha ndege ile kiliundwa kwa pande mbili, kama ganda la ndengu lililopasuliwa. Kila upande huumbwa juu ya kalibu yake, yaani umbo kubwa la mbao ambalo juu yake unalaza mbao nyembamba, kisha tabaka la mti mwepesi sana, kisha mbao nyembamba tena, vyote vikashikana kwa gundi. Pande zikikauka, unafunga nyaya na vitu vya ndani zikiwa bado wazi, halafu unazikutanisha na kuzigundisha pamoja. Waingereza walitumia miti ambayo haioti hapa. Abdulatif akajaribu hiki na kile mpaka siku moja akaokota nguzo kavu ya mkonge kando ya barabara, akaiinua kwa vidole viwili, akacheka peke yake. Tangu siku hiyo wanafunzi wakawa wanakatwa mikono na mikonge kila Jumamosi.

Gundi nayo ilimtoa jasho. Hata zile ndege za vita zilipopelekwa nchi za joto na unyevu, baadhi zilianza kuachia kwenye maungio, ikabidi gundi ibadilishwe. Jua la Mwingi halina unyevu ila lina hasira, na kalibu yake ya kwanza ilipasuka katikati kabla haijalazwa ubao hata mmoja. Idara yangu ndiyo iliyotoa kitambaa cha marekani cha kufunika nje, kwa sababu ile ya kweli pia ilivikwa kitambaa kabla ya kupakwa rangi. Nilimwambia nimeshona mengi maishani, ila ndege kuivisha gauni ilikuwa mara ya kwanza.

Kazi ilikuwa kubwa kwa karakana moja, na hapo ndipo anapoingia Mwalimu Nzau Musembi wa Tawa. Nzau na Abdulatif walisomea ualimu wa ufundi pamoja, wakalala chumba kimoja, na harusi ya mmoja haikufanyika bila mwenzake kusimamia sufuria. Nzau alikuwa akifundisha useremala katika chuo cha kule kwao Makueni. Mtu mtulivu, shemasi kanisani, mwenye mkono wa kazi ambao Abdulatif mwenyewe alikiri unaushinda wake. Mwaka 2013, kaunti zikiwa changa na kila mtu akijivunia yake, wakakubaliana kwamba Kitui, yaani sisi wa Mwingi, itengeneze upande mmoja na Makueni mwingine, kisha pande zikutanishwe hapa siku ya chuo kufungua milango kwa wageni. Tena kwa utani wakaapa hakuna atakayechungulia kazi ya mwenzake mpaka siku hiyo.

Abdulatif alimpa Nzau nakala ya mchoro, na kwa kuwa mchoro wa ubavu mmoja unatosha kwa zote mbili, unaugeuza tu, akamwambia kwa mdomo upande gani ni wake. Alimwambia atengeneze upande wa kiume, yeye angetengeneza wa kike, na mlango wa rubani uwekwe upande wa kiume.

Sasa, kwa kina Abdulatif, mkono wa kiume ni wa kulia na wa kike ni wa kushoto. Ndivyo babu yake alivyosema, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu angeelewa vingine. Lakini katika kanisa la Nzau wanaume huketi upande wa kushoto ukiingia, na wanawake upande wa kulia. Nzau amekaa upande huo tangu alipoachishwa kukaa na mama yake. Akautazama mchoro, akaona pua ya ndege inaelekea kushoto, akaona yote yanakubaliana. Akaenda kutengeneza upande wa kushoto, mzuri ajabu, na mlango akauweka humo.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeona wanafunzi wakishona shati lenye mikono miwili ya kushoto, tukalifumua, tukacheka, tukaanza upya. Kwa hiyo lori la Tawa lilipoingia uwanjani na kuteremsha ule upande, na wanafunzi wakaubeba kwa shangwe hadi ulipo wa kwetu, mimi ndiye niliyeliona kosa kwanza, nikaziba mdomo. Walipozikutanisha, pua ya mmoja ikaangukia kwenye mkia wa mwingine. Wakaugeuza. Pua zikakubaliana, lakini tumbo la mmoja likawa juu. Wakaugeuza tena. Wageni walianza kucheka polepole, kisha kwa nguvu, na mgeni mmoja wa heshima akauliza kama ndege hii inakwenda na kurudi kwa wakati mmoja.

Nzau hakukasirika. Alisimama katikati akijaribu kueleza. "Si uliniambia upande ya wanaume?" alisema. "Kanisani wanaume tunakaa huku."

Angejibiwa kwa kicheko, leo tungekuwa na ndege langoni na hadithi ya kusimulia. Abdulatif alikuwa ameaibika mbele ya mkuu wa chuo, wageni na wanafunzi wake, na aibu ikamtoa maneno ambayo anasema angeyanunua kwa chochote alicho nacho ili yarudi.

"Kama Kiswahili chenyewe kinakushinda," alimwambia, "useremala utauweza wapi?"

Watu walicheka zaidi. Sisi Wakamba tumechekwa Kiswahili chetu tangu zamani, na mara nyingi tunacheka pamoja na wanaotucheka. Siku ile Nzau hakucheka. Aliwaita wanafunzi wake, wakaupakia upande wao kwenye lori, wakaufunga kamba vizuri, na wakaondoka pilau ikiwa bado jikoni. Abdulatif alisimama palepale mpaka vumbi la lori likatulia, halafu akaingia karakana na kujifungia.

Tangu hapo hawakusemezana. Mwaka wa kwanza tulidhani ni hasira za kawaida, zitapoa. Simu ilikuwepo, barabara ilikuwepo, na watu wa kupatanisha walikuwepo, mimi nikiwa mmoja wao. Abdulatif alikuwa akinisikiliza vizuri, ananikubalia, kisha hafanyi lolote. Aliona haya, na haya ikikaa sana inaota mizizi.

Katika ufundishaji alibadilika. Neno kiume na neno kike hayakusikika tena katika karakana ile. Kabla mwanafunzi hajakata ubao, ilimbidi aonyeshe kwa mkono upande anaoukusudia, na wengi wenu mnaosoma hapa mlilalamika kwamba mzee anawafanya watoto. Nadhani makosa mengi ya mbao yalizuiwa kwa njia hiyo. Wanafunzi wake wamefungua karakana Mwingi, Kitui mjini na hata Garissa, na hakuna anayekata bila kuonyesha.

Lakini upande wa kulia wa ndege hakuutengeneza. Kila darasa jipya lilimwomba, kila mkuu wa chuo mpya alimuuliza lini kitu kile kitakamilika au kitolewe njiani. Jibu lake lilikuwa moja.

"Upande ule una mwenyewe," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Tuliona ni heshima, na kweli ilikuwemo. Lakini mwenyewe ameniambia kwamba kiburi nacho kilikuwemo, maana ukisema kazi ni ya fulani unaweza kukaa miaka ukimngoja fulani aje, na wewe ukaonekana mwema. Hivyo nusu ya ndege ikakaa ukutani imefunikwa marekani yangu, ikifunuliwa mara moja kwa mwaka kufundishia wageni historia ya maseremala waliounda ndege.

Mwanzoni mwa mwaka huu tulipata habari kwamba Nzau, aliyekwisha kustaafu, amepatwa na kiharusi. Abdulatif hakungoja kushauriwa. Alimwambia Bi. Shufaa avae, wakasafiri asubuhi ile ile hadi Tawa.

Walipokelewa na mkewe Nzau, Mama Katunge, ambaye hakuwalaumu. Nzau alikuwa ameketi kwenye kiti nje ya nyumba. Mkono wake wa kulia hauinuki tena, na maneno yalikuwa yamempotea. Abdulatif alipiga magoti, yeye na mgongo wake ule, akaomba msamaha kwa Kikamba. Bi. Shufaa anasema kilikuwa Kikamba kibaya mno, na kwamba hakuna aliyekicheka. Alisema yote, kosa la kutoeleza vizuri, tusi mbele ya watu, na miaka ya kunyamaza. Mwisho akamuuliza kama amemsamehe.

Nzau alimtazama. "Bado," akasema.

Abdulatif aliinamisha kichwa. Ilibidi Mama Katunge amshike bega na kumweleza kwamba hilo ndilo neno pekee lililobaki. Akiulizwa kama amekula, husema bado. Akiombewa, husema bado. Mjukuu akimsalimia, hujibiwa bado. Daktari amesema huenda mengine yatarudi na huenda yasirudi. Kwa hiyo hakuna mtu, hata Mama Katunge aliyeishi naye maisha yote, anayejua kama siku ile Abdulatif alikuwa amejibiwa au la.

Kisha mama huyo akawapeleka kibandani nyuma ya nyumba. Upande wa kushoto wenye mlango ulikuwepo, mzima, haujaguswa na mchwa. Kando yake, chini ya magunia, palikuwa na kalibu. Abdulatif aliifunua, akaipapasa kwa viganja kutoka puani hadi mkiani. Ilikuwa ya upande wa kulia.

"Aliitengeneza mwezi ule ule mlikosana," Mama Katunge alisema. "Alikuwa anangoja aitwe tu. Nikimwambia apige simu, anasema yeye ndiye alitusiwa, sasa abembeleze tena?"

Mmoja alikuwa Mwingi akingoja mwenzake aje, na mwingine alikuwa Tawa akingoja aitwe, kalibu iko tayari, mikono yote minne ikiwa mizima. Naandika hili kwa uchungu na sitajaribu kulifunika. Hatujui ndege ile ingekuwa imewapokea watoto wangapi langoni. Zaidi ya hayo, wazee wawili waliopendana wamepoteza miaka ambayo wangeitumia kukosoana kazi na kunywa chai, na hakuna sherehe inayoweza kuwarudishia.

Tangu siku ile Abdulatif huenda Tawa kila mwisho wa juma. Kwenda huko ndiko kustaafu kwake, ameniambia, hii sherehe ya Ijumaa ni ya karatasi tu. Kamati ilipomuuliza zawadi, ikitaja makochi na tangi la maji, aliomba nguzo za mkonge, gundi nzuri, na marekani ya kutosha upande mmoja. Mkonge na gundi vimenunuliwa. Marekani nimeikata mwenyewe, na safari hii nimeuliza mara mbili ni upande gani.

Juma lililopita nilifuatana naye. Kalibu imewekwa uani kwa Nzau, na Nzau ameketi karibu nayo. Abdulatif anapiga randa kipande cha mkonge, anakilaza, kisha anamtazama mwenzake. Nzau anakiangalia kwa makini, jicho moja amelifumba, anasema bado. Abdulatif anakitoa, anapiga randa tena. Nilidhani ni neno lile lile la kila kitu, mpaka nilipoinama na kupitisha kidole kwenye ungio. Kweli palikuwa na pengo, jembamba, ambalo Abdulatif na miwani yake mbili hakuliona. Kipande kilipokaa sawasawa, Nzau hakusema kitu, akageukia kingine.

Mchana, tulipokuwa tunakusanya vyombo, Abdulatif alimuuliza tena lile swali. Mama Katunge anasema humuuliza kila anapokwenda. Nzau akasema bado. Abdulatif akaitika kwa kichwa, akafuta randa, akasema atarudi Jumamosi.

Mwalimu Abdulatif, chuo hiki kinakushukuru kwa madawati, kwa mizinga, kwa mapaa ambayo hayajaanguka, na kwa watoto waliokuja wakilia wakaondoka mafundi. Tunakushukuru pia kwa kutuachia kosa lako wazi ili tulisome. Nenda ukaishi vizuri na Bi. Shufaa, mgongo ukupe nafuu, na Mungu amwongezee Nzau siku. Utakapomuuliza tena, tunakuombea anyamaze.